Ujumbe wa halati yangu ulivyofika mezani kwa hakimu Uingereza

Tiketi nilikuwa nimeshakata: London, Nairobi, kisha Manda, uwanja wa ndege wa Lamu. Binti yangu alikuwa na miaka sita na nilitaka aione Maulidi ya Lamu. Nimeachana na babake, mtoto nalala naye mimi, nikaona sina haja ya kumwuliza mtu. Halati yangu, dadake mama, akanitumia sauti kwa WhatsApp, anacheka: "Mlete mwanetu. Akishafika Langoni, nani atakuja kumtoa?" Langoni ndio mtaa wetu Lamu.

Mtoto huchezea simu yangu. Alipokuwa nayo kwa babake akaifungua sauti ile, babake akasikia.

Siku chache baadaye niko mahakamani. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, na kicheko hakikuandikwa. Ikatoka amri mtoto asitoke nchini, pasipoti yake ikakaa kwa wakili.

Dada zangu, usimtoe mtoto Uingereza bila idhini ya mzazi mwenzio mwenye haki ya malezi, na idhini iwe ya maandishi. Hata kwa arusi. Hata kwa wiki mbili. Kama huna idhini wala ruhusa ya mahakama, ni kosa la jinai kwa sheria ya utekaji wa watoto ya mwaka 1984. Aliye na amri kwamba mtoto anaishi naye ndiye anayeweza kumsafirisha kwa muda usiofika mwezi, na hapo pia soma amri yako kwanza, huenda imekataza. Mimi sikuwa na amri yoyote.

Mengine ni ya kawaida: kikao cha upatanishi, fomu ya C100 ya kuomba amri kuhusu mtoto, afisa wa Cafcass, shirika linaloishauri mahakama ya familia kuhusu watoto, kuzungumza na wazazi.

Nyumbani wazee waliniambia nitulie, mtoto ni wa mama mpaka afike miaka saba, na kadhi ameshamaliza. Wazee wangu nawaheshimu, lakini kadhi alimaliza ndoa. Mtoto anayeishi Uingereza anaamuliwa kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, na humo hakuna wa mama wala wa baba. Hakimu anaangalia maslahi ya mtoto: mahitaji yake, anachotaka kwa kadiri ya umri wake, madhara anayoweza kupata, na mabadiliko yatamtikisa vipi. Kumng'oa shuleni na kumpeleka Lamu ni badiliko kubwa, na sauti ya halati ilionyesha kama ndiyo azma yangu.

Waingereza wamenifunza kumsikiliza mtoto. Kwetu nani humwuliza? Ila wanahesabu wazazi wawili tu. Bibi, halati na jirani waliomlea nao, kwao ni wageni. Hilo bado linaniuma.

Kwa hivyo waambieni jamaa mapema, na muwaambie kwa upole: neno "abaki huku" lisitamkwe, hata kwa mzaha.

Mwaka jana amri ililegezwa, tukasafiri. Barua ya babake ilikuwa na tarehe ya kwenda na ya kurudi. Halati alitupokea gatini, akambeba mtoto, na la kwanza aliloniuliza ni tunarudi lini.