Jinsi ya kulala kwenye nyumba ya mkulima Shirakawa-go, Japani

Kama unapanga kwenda Japani, usiishie Tokyo na Osaka jamani, tenga usiku mmoja ukalale kijiji cha Ogimachi, pale Shirakawa-go mkoani Gifu, kwenye zile nyumba kubwa za mbao na nyasi zenye paa lililosimama hasa ili theluji isirundikane juu. UNESCO waliziweka kwenye urithi wa dunia 1995. Watalii wengi wanakuja mchana, wanapiga picha, wanapanda basi wanaondoka, na mimi naona hapo wanakosa kila kitu.

Buku mapema, miezi kadhaa kabla, maana nyumba moja ina vyumba vichache tu, na Januari na Februari ndo balaa. Bei kawaida ni kwa kichwa, chakula cha jioni na cha asubuhi kimo. Beba yen taslimu. Kutoka Takayama ni kama dakika 50 kwa basi, kutoka Kanazawa kama saa moja na robo.

Kama huli nguruwe au hutumii pombe, sema siku ileile unayobuku, tena ufafanue, kwa sababu sake na mirin, pombe za mchele, zinaingia hadi kwenye michuzi na samaki wa kuchemsha, na ukisema ukiwa umeshakaa mezani mama mwenye nyumba hana la kufanya, kashapika.

Fika mapema jioni, chakula ni kama saa kumi na mbili na wanakula kwa wakati kweli. Viatu unavua mlangoni, unapewa ndala za ndani, ila ukifika kwenye mikeka ya tatami nazo unavua, na chooni kuna ndala zake, usitoke nazo. Begi la magurudumu libebe, usiliburuze kwenye mkeka. Ukivaa yukata, lile joho jepesi la Kijapani, upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, kinyume chake ndo wanavyovishwa maiti.

Bafu sasa, hapa sikiliza vizuri. Unakaa kwenye kistuli, unajisugua, unajisuuza mpaka povu lote liishe, NDO unaingia kwenye beseni la maji ya moto, kwa kutulia tu. Maji yale ni ya wageni wote kwa hiyo usiingie na sabuni wala taulo, na ukitoka usiyamwage.

Katikati ya nyumba kuna irori, shimo la moto sakafuni, birika linaning'inia juu yake. Moshi wake unapanda mpaka darini walikokuwa wanafugia viwavi wa hariri, unakausha nyasi na zile kamba zinazoshikilia paa, unafukuza wadudu, kwa hiyo nguo zikinuka moshi usilalamike. Sigara usivute ovyo, kijiji kizima ni nyasi.

Usiku ongea kwa sauti ya chini, kati yako na jirani kuna mlango wa karatasi tu. Unalala chini kwenye futon, godoro la kutandika sakafuni, na kipindi cha baridi beba soksi nzito.

Asubuhi ukishakunywa supu ya miso panda pale juu Shiroyama uone kijiji chote, nenda kabla basi za watalii hazijaanza kushusha watu.