Iten hadi Kabarnet na kurudi kwa siku moja

Ugumu wa njia hii kwa baiskeli ni kwamba imepinduliwa. Kwingine unapanda asubuhi na kuteremka jioni. Hapa unaanzia Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unaporomoka hadi Bonde la Kerio kwenye mita 1,100 na ushei, unapanda Kabarnet karibu mita 2,000, kisha unarudi ulikotoka. Ni kilomita 110 hivi, na mlima mkubwa kuliko yote ndio wa mwisho. Basi kila hatua ya somo hili ni ya kuwekea akiba mlima huo.

1. Jioni ya kuamkia safari

Angalia gia. Meno 34 mbele na 32 nyuma yatakupandisha ukiwa umekaa. Ukiwa na 39 na 25 za mashindano, tenga nauli ya matatu. Raba za breki zilizolika nusu, badilisha leo. Beba tyubu mbili, pampu na kiungo cha cheni, kwa sababu fundi wa boda boda bondeni ataziba pancha lakini cheni nyembamba ya baiskeli ya mbio hana.

2. Kuondoka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukishapambazuka. Iten huwa na baridi, na upepo wa mteremko huongeza. Kama huna jaketi, weka gazeti kifuani chini ya jezi. Ukifika chini mpe mama wa mandazi, atafungia.

3. Kuteremka Tambach, kutoka Iten hadi bondeni

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Shika sehemu ya chini ya usukani ili vidole vivute breki kwa nguvu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kwenye kona, pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage, macho yatazame unakotokea, maana baiskeli hufuata macho.

Breki uzikamate na kuziachia. Ukizivuta mfululizo, rimu hupata moto, hewa ndani inapanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Breki za diski nazo zikichemka hulegea. Baki kushoto kabisa: lori linalopanda huchukua kona yote, na mbuzi hawana ratiba. Endelea kuzungusha miguu taratibu, usije ukafika chini na magoti yaliyoganda.

4. Bondeni

Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Vua jaketi, jaza chupa Biretwo, kituo kilicho chini ya mteremko, unywe kabla ya kiu. Kwenye daraja la Chebloch utakuta vijana wakijirusha korongoni. Watazame tu. Mto Kerio una mamba.

5. Kupanda Kabarnet

Kipimo ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi, unakwenda mbio mno. Kula kitu kila nusu saa, ndizi au kipande cha chapati, hata kama huna njaa. Juu, chai na chapati zatosha. Nyama choma isubiri.

6. Kurudi

Joto la adhuhuri litakukuta bondeni, hilo halikwepeki. Pumzika kivulini, lowesha kichwa, weka chumvi ya kuongeza maji mwilini kwenye chupa moja. Ikiwa saa tisa na nusu bado hujapita Biretwo, simamisha matatu. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na zile kona si za gizani.

Maswali

*Mwanachama, Mombasa:* Kocha, nikifika Ijumaa jioni naweza kuendesha Jumamosi?

Hapana, ndugu yangu. Shinikizo la hewa Iten ni kama robo tatu ya la huko pwani, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu. Kaa siku tatu nne kwanza, ukiendesha kidogo kidogo.

*Mwanachama, Eldoret:* Mimi nina baiskeli ya blak mamba, ya gia moja. Nije?

Njoo, mzee, ila usiteremke nayo. Kusukuma kwa mguu si aibu. Ninachohofia ni zile breki za vyuma, zikilowa ni kama hazipo. Ipakie kwenye matatu hadi Biretwo, upande nayo kurudi Iten. Hiyo peke yake ni kazi ya siku.

*Mwanachama, Nakuru:* Tuko akina dada wawili. Usalama je?

Dada, visa vya wizi wa mifugo husikika zaidi kaskazini mwa bonde. Hata hivyo, ulizeni polisi Iten asubuhi ileile, na mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku ahirisheni, kwa maana mawe huporomoka barabarani.

*Mwanachama, Kapsabet:* Mursik njiani inafaa?

Jioni, ukishafika. Maziwa lala na mlima wa Tambach havikai tumbo moja.