Sura unaijua, jina hulijui: namna ya kumfuatilia mwigizaji wa pembeni wa tamthilia za anga za zamani za Uingereza

Kama umeshakaa ukaangalia tamthilia za zamani za sayansi ya kubuni za Uingereza, Doctor Who ile ya 1963 mpaka 1989 (ya msafiri wa anga na wakati anayeitwa Doctor), Blake's 7, Survivors na nyingine za zama hizo, lazima hili limeshakukuta: mtu anaingia mlangoni, labda kamanda, labda profesa, labda mshauri wa mtawala wa sayari fulani, na we unajiambia huyu nilishamwona mahali, ila wapi? Steringi unamjua, picha yake iko kwenye kila kava. Huyu mwingine jina lake linapita mwishoni harakaharaka muziki unapiga na limeshapotea. Mi hawa ndo nawapenda zaidi, nasema kwa moyo wote, na nimewafuatilia kwa miaka, kwa hiyo naeleza ninavyofanya, maana ukifuata njia ya kawaida, yaani unatafuta jina mtandaoni, unapata orodha ndefu ya kazi, unaisoma mpaka chini, basi, hutoki na kitu. Orodha inakwambia mtu alikuwa wapi, haikwambii nani alimwita.

Na hapo ndo penye kazi yote. Pembeni ya kila kazi andika jina la dairekta.

Chukua Bernard Horsfall. Jamaa mrefu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hizi zote ni stori za Doctor Who, kila stori ina jina lake na episodi kadhaa: 1968 yuko kwenye The Mind Robber anacheza Gulliver, 1969 yuko The War Games kama mmoja wa Time Lords, watu wa jamii ya Doctor mwenyewe, wanaomhukumu, 1973 ni Taron wa Planet of the Daleks, 1976 ni Kansela Goth kwenye The Deadly Assassin. Ukiziangalia hivyo utadhani ni bahati tu, kazi nne ndani ya miaka minane, kila moja na nguo zake. Sasa weka madairekta: David Maloney, David Maloney, David Maloney, David Maloney. Zote nne! Siku nilipoandika jina hilo mara ya nne niliweka kalamu chini. Kumbe mtu hakuwa anaitwa na tamthilia, alikuwa anaitwa na mtu mmoja aliyemwamini.

Na Maloney hakumwita kwa vitu vidogo. Mwisho wa episodi ya tatu ya The Deadly Assassin, Goth anamzamisha Doctor, anamkandamiza kichwa ndani ya maji, na picha inaganda uso ukiwa chini ya maji. Mary Whitehouse, yule mama aliyeongoza kampeni ya kusafisha televisheni Uingereza, alikasirika sana akalalamika, BBC wakaomba radhi na ile picha iliyoganda ikakatwa kwenye tepu kuu. Hiyo stori imesimuliwa mara nyingi, watamtaja Whitehouse, watamtaja Tom Baker aliyekuwa Doctor, ila aliyekuwa anakandamiza hicho kichwa, ambaye bila yeye kusingekuwa na hofu yoyote, hatajwi. Ni Horsfall.

Kwa nini madairekta walikuwa wanawarudia watu walewale? Hapa lazima uelewe mazingira ya kazi, la sivyo utadhani ni kujuana tu. Walikuwa wanafanya mazoezi siku kadhaa kwenye chumba cha mazoezi, halafu wanaingia studio, kamera kadhaa kwa pamoja, wanarekodi jioni, na saa nne usiku taa zinazimwa, umemaliza hujamaliza. Sasa we dairekta una saa chache, una monsta ambaye mpira wake unachanika, una mlango wa chombo cha anga unaokataa kufunguka, unataka mtu atakayesahau maneno? Unampigia simu yule uliyeona mwenyewe kwamba hasahau. Wengi wao walipikwa kwenye majumba ya tamthilia ya mikoani, zile kampuni zilizokuwa zinabadilisha mchezo kila wiki au kila wiki mbili, usiku unacheza huu, mchana unajifunza ule. Mtu aliyepita huko mpe upuuzi wowote kuhusu galaksi, atausema kama vile amezaliwa nao.

Basi ukishapata mtu mmoja na madairekta wake, igeuze: shika dairekta, angalia anawaita kina nani. Douglas Camfield, dairekta mwingine wa Doctor Who, ni mzuri kwa kuanzia. Alimpa Kevin Stoney nafasi ya Mavic Chen kwenye The Daleks' Master Plan ya 1965 mpaka 1966, akamrudisha 1968 kwenye The Invasion kama Tobias Vaughn. Kwenye hiyohiyo Master Plan alikuwepo kijana Nicholas Courtney anacheza Bret Vyon, mhusika akauawa, lakini Camfield hakumsahau, alipofanya The Web of Fear mwaka 1968 akamweka kwenye nafasi ya Kapteni Knight. David Langton aliyetakiwa kucheza Kanali akajitoa, Courtney akapandishwa, na huyo Kanali Lethbridge-Stewart ndo baadaye akawa Brigedia ambaye watu wanampenda mpaka leo. Kazi ya maisha ya mtu imetokana na mwenzake kusema hapana.

Maloney naye alipoacha kuongoza Doctor Who alienda kuwa prodyuza wa Blake's 7 kwa sizoni tatu za mwanzo kuanzia 1978, na ukiangalia nani anaingia humo utakutana na Peter Miles kama mwanasiasa Rontane. Huyu ndiye Nyder wa Genesis of the Daleks ya 1975, yule msaidizi mwenye miwani wa Davros, mwanasayansi aliyebuni Daleks, maadui wakubwa wa Doctor. Na dairekta wa stori hiyo alikuwa nani? Umeshajua.

Sasa mambo ya vitendo. Majina na tarehe mi naanzia kwenye BBC Genome, ambako wameweka ratiba za gazeti la Radio Times kuanzia 1923 mpaka 2009, na mara nyingi orodha ya waigizaji ipo pamoja na dairekta. Ni bure, andika jina tu. Uzuri wake unaona pia redio na tamthilia za kawaida, sio sayansi ya kubuni peke yake, maana hakuna hata mmoja wa hawa watu aliyeishi kwa Doctor Who. Wiki hii polisi, wiki ijayo padri, wiki ile nyingine jasusi wa Kirusi. Halafu linganisha na majina yanayopita mwisho wa episodi yenyewe, kwa sababu gazeti lilichapwa mapema na mabadiliko ya dakika za mwisho hayakuwahi.

Ila angalia, majina mengine ni ya uongo makusudi. 1982 kwenye Castrovalva imeandikwa kuna mwigizaji anaitwa Neil Toynay. Hayupo. Ni herufi za Tony Ainley zimechanganywa, Anthony Ainley aliyekuwa anacheza the Master, hasimu wa Doctor, walitaka kumficha mpaka ajifunue. Mwaka uliofuata kwenye The King's Demons wakaandika James Stoker, zipange upya herufi zake upate Master's Joke. Na majina ya kazi ni jambo la kawaida kabisa, Equity, chama cha waigizaji, hakikuruhusu wanachama wawili watumie jina moja, kwa hiyo kama unatafuta habari za utoto wa mtu, jua kwanza alizaliwa akiitwaje. Michael Sheard alizaliwa Michael Perkins. Philip Madoc alizaliwa Philip Jones.

Madoc nimkalie kidogo, maana yeye anaonyesha hatua inayofuata, ya kutafuta mtu alikuwa nani kabla ya kamera. Mtu wa Merthyr Tydfil, Wales, alisoma lugha Cardiff na Vienna, akafanya ukalimani, ndo akaingia chuo cha uigizaji cha RADA. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini 1973 alikuwa kapteni wa manowari ya Kijerumani kwenye tamthilia ya vichekesho Dad's Army, yule anayeandika majina ya watu kwenye orodha yake, na kwa nini ule ubaridi wake haukuwa wa kuigiza Mjerumani wa katuni. Rudi 1969, The War Games, tena ya Maloney, yeye ni War Lord. Stori ina episodi kumi na anatokea imeshaenda mbali, wengine wote wameshapiga kelele vya kutosha, yeye anaongea taratibu, miwani ya duara, ndevu, na ghafla unaona kumbe wale wengine walikuwa wanamwogopa huyu. 1976 akarudi kama Solon kwenye The Brain of Morbius, daktari wa upasuaji anayemkaribisha Doctor nyumbani kwake na kumsifia kichwa chake kwa mapenzi kabisa, na we unajua anakitaka akakishone kwenye mwili mwingine. Mtu yuleyule, lakini sauti haipo palepale. Ziangalie hizo mbili usiku mmoja, usiangalie sura, sikiliza.

Hiyo ndo ninayoiita kuangalia kwa sikio, na hakuna mfano mkubwa kuliko Michael Wisher. Alipopewa Davros kwenye Genesis of the Daleks alijua uso wote utakuwa ndani ya barakoa na mkono unaofanya kazi ni mmoja tu, kwa hiyo kwenye mazoezi alivaa mfuko wa karatasi kichwani, ajizoeshe kufanya kila kitu kwa sauti na mkono mmoja. Itazame tena ukilijua hilo. Vile vidole!

Kuna vipindi hutaviona. BBC walifuta tepu wakazitumia tena, na zaidi ya episodi 90 za Doctor Who za miaka ya 60 hazipo mpaka leo. Usikate tamaa. Sauti zipo zote, kwa sababu watazamaji walirekodi nyumbani kwao kutoka kwenye televisheni, na kwa baadhi ya stori zipo picha ambazo John Cura alikuwa anazipiga kwenye kioo cha televisheni episodi ikiwa hewani. Episodi zote sita za The Power of the Daleks ya 1966 hazipo, lakini Bernard Archard kama Bragen unaweza kumsikia, kisha nenda Pyramids of Mars ya 1975 umwone kama Marcus Scarman, maiti inayotembea, na ndugu yake anayejaribu kumrudisha kwa kumkumbusha utoto wao ni Michael Sheard. Sheard mwenyewe ana stori sita, kutoka 1966 mpaka 1988, na katikati ya hapo ni Admirali Ozzel kwenye filamu ya Star Wars, The Empire Strikes Back.

Mahojiano yatumie, ila tarehe zake zipime. Mtu anayeulizwa baada ya miaka 30 anakumbuka chai ilikuwa mbaya na vazi lilikuwa na joto, hilo muamini kabisa, ila mwaka na mpangilio wa stori hakikisha mwenyewe kwa Genome.

Na kila mtu mpe ukurasa wake hata kama kazi ni chache. Kevin Lindsay alikuwa Linx, wa kwanza kabisa wa Sontaran, viumbe wapiganaji wa sayari nyingine, kwenye The Time Warrior iliyoanza mwishoni mwa 1973. Inasimuliwa kwamba walibishana jina la hao viumbe linatamkwaje, na yeye akasema mkazo uko hapa, mi ndo natoka huko. Likabaki hivyo mpaka leo. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, ile barakoa nzito ilimpa shida, wakamtengenezea nyepesi zaidi kwa ajili ya The Sontaran Experiment. Ilionyeshwa mapema 1975 na mwaka huohuo akafariki. Kati ya hizo mbili kuna Planet of the Spiders ya 1974 tu, ambako uso wake hauna barakoa. Kwenye daftari langu ana mistari mitatu ya Doctor Who, na ukurasa wote uliobaki ni wake.