Namna ya Kupiga Hesabu ya Kodi Unapouza Kiwanja Tabora, na ya Kuupima Ubishi Wake

Mtu wa Ipuli au Cheyo anayetaka kuuza kiwanja aanze na makaratasi, kabla hata ya kumwita dalali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haitozi bei yote ya mauzo bali ongezeko la mtaji, yaani kinachobaki ukishatoa bei uliyonunulia, gharama za kukiendeleza na gharama za kuuza. Tuseme ulinunua kwa shilingi 8,000,000, ukatumia 4,000,000 kwa upimaji, msingi na uzio, ukamlipa dalali 500,000, na mnunuzi akatoa 22,500,000. Ongezeko ni 10,000,000, na kwa mkazi wa nchini kodi yake ni asilimia 10, yaani 1,000,000, inayolipwa kabla ya hati kuhamishiwa jina la mnunuzi.

Kama ni nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na ukaishi humo kwa jumla ya miaka isiyopungua mitatu, ongezeko lisilozidi 15,000,000 halitozwi.

Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa, tangu marekebisho ya mwaka 2022, asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Kwa kiwanja chetu hiyo ni 675,000, pungufu ya anacholipa aliyetunza risiti, jambo ambalo binafsi naliona la ajabu, ingawa halimpi mwenye risiti ruhusa ya kuzificha. Risiti humnufaisha mwenyewe pale tu ongezeko linapokuwa chini ya asilimia 30 ya bei ya mauzo.

Sasa ubishi. Wapo wanaolalamika kwamba mwalimu hukatwa hadi asilimia 30 ya mshahara wake ilhali muuza ardhi hutozwa 10 tu. Usikubali wala usikatae kabla ya kupiga hesabu ya mwaka mzima kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyoanza Julai 2021. Mwenye kipato cha kutozwa kodi cha 10,000,000 kwa mwaka hulipa takriban 1,036,000, karibu sawa na muuzaji wetu. Mwenye 100,000,000 hulipa takriban 27,936,000, na muuzaji aliyepata ongezeko kama hilo hulipa 10,000,000. Kwa hiyo unafuu huu haumfikii muuza kiwanja kimoja. Unamfikia mwenye viwanja vingi.

Upande wa pili, wanaotetea asilimia 10, hutaja mfumuko wa bei, nao una hoja. Ili kuipima, pandisha gharama zako za zamani kwa kiasi ambacho bei za vitu zimepanda, ukitumia fahirisi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zikiwa zimepanda kwa nusu, 12,000,000 zako zinakuwa 18,000,000, ongezeko la kweli linabaki 4,000,000, na ile kodi ya 1,000,000 inageuka kuwa asilimia 25. Ningependelea sheria ipandishe gharama hizo kwanza, kisha kilichobaki kitozwe kwa viwango vilevile vya kodi ya mshahara.