Jinsi ya kukagua nyumba ya wazee Marekani kabla hujampeleka mzazi

Mimi ni nesi. Nafanya kazi katika nyumba ya uuguzi hapa Minnesota, na kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa uuguzi, hao tunaowaita CNA, kazi ambayo wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tumeanzia tulipofika nchi hii. Namwandikia ndugu mwenye mzazi hapa Marekani ambaye hali yake imefika mahali nyumbani hapatoshi tena. Watoto wanapiga shifti mbili, mzee anaamka usiku wa manane kuwasha jiko, au kiharusi kimemlaza upande mmoja na mchana kutwa hakuna wa kumgeuza. Najua pia simu zitakazopigwa kutoka nyumbani, kwamba umemtupa mama. Anayemtafutia mama mahali, akapakagua mwenyewe, akaendelea kumtembelea kila wiki, hajamtupa mtu.

Katika hatua zote nitakazoeleza, shika maswali haya: mtu atakayemgusa mzazi wako kila siku ni nani, ana wazee wangapi mikononi mwake, na je, wiki ijayo atakuwepo? Marumaru, piano ya ukumbini na maua ya mapokezi havimgeuzi mtu kitandani.

Hatua ya 1: Jua mzee anahitaji nini

Nyumba ya uuguzi ina nesi saa 24, na kama inapokea fedha za Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) au Medicaid (msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo) inabanwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1987. Makazi ya usaidizi ni kitu kingine. Mzee ana chumba chake, anasaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa, anapikiwa, lakini nesi huenda asiwepo usiku. Makazi haya yanasimamiwa na jimbo peke yake, na kila jimbo lina taratibu zake. Hapa Minnesota leseni maalumu ya makazi hayo ilianza Agosti 2021. Jimbo la Washington lina pia nyumba za kawaida za mtaani zinazotunza wazee wachache, kwa kawaida wasiozidi 6, na si chache kati yake zinaendeshwa na Wakenya. Kwa mzee aliyezoea kuishi na watu ndani ya nyumba, hizo ndogo huwa zinamfaa sana.

Andika hali yake kwa ukweli, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Anaweza kutoka kitandani peke yake? Anahitaji mtu mmoja au wawili kumnyanyua? Anapaliwa akinywa maji? Anatangatanga? Kwenye makazi ya usaidizi uliza waziwazi: "Siku mama akihitaji watu wawili kumnyanyua, mtamwambia ahame?" Wengi watasema ndiyo, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kuletewa barua ya kuhama.

Uliza pia ofisi ya Medicaid ya jimbo lako kama wanamlipa mwanafamilia anayemtunza mzee nyumbani. Majimbo mengi wanalipa, na familia nyingi zetu hazijawahi kuuliza.

Hatua ya 2: Soma ripoti kabla ya kuwasha gari

Ingia kwenye tovuti ya Medicare, sehemu inayoitwa Care Compare, uandike mji wako. Karibu kila nyumba ya uuguzi iliyosajiliwa ina nyota 1 hadi 5. Usiishie kwenye nyota ya jumla, maana imejengwa na nyota tatu zenye uzito tofauti. Ya ukaguzi inatokana na wakaguzi wa jimbo wanaoingia bila taarifa, na hawaruhusiwi kuzidisha miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Ya wafanyakazi inatokana na rekodi za mishahara, kwa hiyo ni vigumu kuichezea. Ya ubora wa huduma inategemea kwa sehemu kubwa taarifa ambazo nyumba yenyewe imezijaza. Ukikuta nyumba ina nyota 5 za ubora na 1 ya wafanyakazi, mimi naamini ile 1.

Fungua ukurasa wa wafanyakazi. Tazama saa za uuguzi kwa kila mzee kwa siku, kisha linganisha na zile za Jumamosi na Jumapili. Tazama pia wafanyakazi wangapi wameacha kazi ndani ya mwaka. Nyumba ambayo watu wanaikimbia itamlea mzazi wako kwa mikono ya wageni, kila asubuhi mtu mpya asiyejua kwamba bega la kushoto linamuuma.

Halafu soma ripoti ya ukaguzi yenyewe. Kila kosa limepewa herufi, A hadi L. G, H na I maana yake mtu ameumia kweli. J, K na L maana yake wakaguzi waliona hatari ya madhara makubwa au kifo. Alama nyekundu yenye kiganja cha mkono maana yake kumekuwa na kesi ya unyanyasaji. Karibu kila nyumba ina makosa kadhaa, hata nzuri. Mimi hutafuta kosa linalojirudia mwaka hadi mwaka, hasa vidonda vya kulalia, kuanguka na makosa ya dawa.

Makazi ya usaidizi hayana nyota hizi. Ripoti zake ziko kwenye tovuti ya idara ya afya au ya huduma za jamii ya jimbo, na wakati mwingine inabidi upige simu uziombe.

Hatua ya 3: Nenda saa ambayo hawakutarajii

Ziara ya kwanza ikubali kama walivyoipanga. Utatembezwa na mtu wa masoko, utaoneshwa chumba cha mfano. Ya pili nenda mwenyewe, Jumapili jioni kati ya saa kumi na moja na saa moja. Mameneja wako nyumbani, chakula cha jioni kinagawiwa, na wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanaanza kuhangaika, maana jua likizama ndipo wengi huchanganyikiwa. Hapo ndipo utaiona nyumba yenyewe.

Ukiingia, tumia pua. Harufu ya mkojo mlango mmoja si tatizo, mtu amejikojolea na atabadilishwa. Harufu iliyokolea korido nzima ina maana wazee wanakaa na pampasi zilizolowa kwa muda mrefu. Marashi makali kila kona nayo yanataka kuulizwa.

Tafuta karatasi iliyobandikwa ukutani yenye idadi ya manesi na wasaidizi wa siku hiyo. Sheria inataka iwekwe kila siku mahali watu wanapoiona. Kisha hesabu mwenyewe walioko sakafuni.

Keti karibu na chumba cha kulia. Mzee anayelishwa, anayemlisha amekaa usawa wa macho yake au amesimama akimrundikia kijiko juu ya kijiko? Anasubiri ameze? Mtu akiwa na wazee kumi na wawili wa kulishwa na kulazwa, hata awe na moyo mzuri namna gani, atasimama na ataharakisha. Utakuwa umeiona ile takwimu ya tovuti ikitembea.

Pita kwenye korido. Taa ya wito ikiwaka juu ya mlango, angalia saa. Dakika tano za jioni zinaeleweka. Dakika ishirini huku wafanyakazi wanapita bila kugeuza shingo, hapana. Chungulia vyumba vilivyo wazi bila kuvunja heshima ya mtu: kikombe cha maji kiko mahali mkono wa mzee unafika? Mzee asiyefikia maji hukaukiwa, akapata maambukizi ya mkojo, akachanganyikiwa, akaanguka. Nimeona mlolongo huo ukianzia kwenye kikombe kilichowekwa upande wa mkono uliopooza.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu ngozi

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linatuhusu sisi. Vidonda vya kulalia huanza pale mfupa unapobana nyama kwenye godoro: makalio, visigino, nyonga. Vitabu vingi vimewafundisha wauguzi kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, na kidonda kinagunduliwa kikiwa kimeshapasuka. Kinachotakiwa ni kugusa. Pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama uji mzito? Rangi imekoza kuliko ngozi ya jirani, pengine ikaelekea zambarau?

Mwulize nesi: "Mnakaguaje ngozi ya mtu mweusi?" Akikujibu kwa kugusa na kulinganisha, huyo anajua kazi. Uliza pia mzee asiyejigeuza anageuzwa kila baada ya muda gani, na nani anaandika. Kwa wengi jibu ni saa mbili.

Hatua ya 5: Ongea na watu wetu

Katika miji mingi utamkuta Mkenya, Mtanzania, Mkongo au Mrundi akisukuma kigari cha nguo. Msalimie, usimweke kwenye matatizo mbele ya bosi wake. Swali zuri ni hili: "Leo una wazee wangapi?" Lingine: "Unapewa wazee wale wale kila siku?" La tatu, kama mmeelewana: "Wewe ungemleta mama yako hapa?" Mara nyingi jibu liko usoni kabla ya mdomo kufunguka.

Uliza pia wangapi wanatoka kwa wakala, yaani wanaletwa na kampuni ya nje kwa muda. Mfanyakazi wa wakala anaweza kuwa mzuri sana, lakini hajui kwamba mzee huyu hanywi dawa mpaka apewe chai kwanza.

Hatua ya 6: Lugha, jina, na nani atamwogesha

Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huondoka na lugha ya ukubwani na kuacha ya utotoni. Mama aliyezungumza Kiingereza kanisani miaka yote anaweza kubaki na Kiswahili, kisha Kikisii au Kichaga tu. Anasema "maji", hakuna anayemwelewa. Anapaza sauti. Kwenye faili inaandikwa kwamba ana fujo, na siku chache baadaye kuna pendekezo la dawa ya kumtuliza. Dawa za aina hiyo, zile za wagonjwa wa akili, zimebeba onyo la serikali tangu 2005 kwamba huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Uliza nyumba ina wazee wangapi wanaotumia dawa hizo na wanajaribu nini kabla ya kuzitoa. Asilimia ya kila nyumba ya uuguzi iko Care Compare. Waambie pia kwamba mkalimani ni haki ya mzee, na nyumba inayopokea fedha za serikali haitakiwi kumtoza.

Mwulize mratibu kama watakubali kumwita Mama fulani au Bibi. Hapa kijana wa miaka kumi na tisa humwita mzee kwa jina lake la kwanza, na kwa wazee wetu hilo ni tusi wanalomeza kila siku. Uliza kama mwanamke ndiye atakayemwogesha mama, na usiku pia. Kwa Mwislamu uliza nyama halali, maji ya udhu na futari, na usiridhike na "tutajaribu". Uliza nani anapika na anafanyaje.

Hatua ya 7: Fedha na karatasi

Medicare hailipi makazi ya kudumu. Inalipa uuguzi wa muda baada ya mtu kulazwa hospitali siku 3 mfululizo, hadi siku 100: 20 za kwanza kikamilifu, zilizobaki unachangia. Siku ambazo hospitali imemweka "kwa uangalizi" hazihesabiki, ingawa amelala kitanda kile kile, kwa hiyo uliza hospitalini mapema amesajiliwaje.

Medicaid ndiyo inayowabeba wengi kwa muda mrefu. Katika majimbo mengi inatazama miaka 5 nyuma kuona mali uliyogawa, basi kabla ya kuhamisha hati ya nyumba au shamba, muone wakili wa mambo ya wazee. Mzazi mwenye grini kadi kwa kawaida anasubiri miaka 5 kabla ya kustahili. Sheria za wahamiaji zinabadilika, kwa hiyo pata jibu la mwaka huu kutoka ofisi ya jimbo. Kwenye makazi ya usaidizi Medicaid inaweza kulipia huduma, kodi ya chumba hailipii.

Mkataba usiusaini hapo hapo, ondoka nao. Kuna mahali watakapokuita msimamizi anayewajibika. Sheria ya shirikisho inaikataza nyumba ya uuguzi kumtaka mtoto awe mdhamini wa malipo kama sharti la kumpokea mzazi. Saini kwa niaba ya mama, kwa fedha za mama, na uandike hivyo. Karatasi ya usuluhishi, ile inayokuondolea haki ya kwenda mahakamani, haiwezi kuwa sharti la kupokelewa. Na ukishaisaini una siku 30 za kuifuta.

Hatua ya 8: Siku za kwanza

Siku ya kuingia, kagua ngozi yake pamoja na nesi na mwombe aandike alichokiona. Mpango wa awali wa huduma lazima uwepo ndani ya saa 48, na tathmini kamili ndani ya siku 14. Dai kuwepo kwenye kikao cha mpango huo. Bandika kando ya kitanda karatasi yenye maneno kumi: maji, choo, naumwa, baridi, njaa na mengineyo, kila moja na tafsiri yake. Nenda kwa saa tofauti tofauti. Familia inayoonekana huwa inajibiwa haraka, na kama mko ndugu watatu gawaneni siku. Baadhi ya majimbo, Minnesota ikiwemo, yanaruhusu kamera chumbani kwa taratibu maalumu.

Jambo likiharibika, anza na nesi wa zamu, kisha mkuu wa wauguzi, kwa maandishi. Wasipokusikia, kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi anayepokea malalamiko, wa wazee walioko kwenye nyumba hizi. Anafanya kazi bure, na hatoi jina lako bila ruhusa. Kwenye nyumba ya uuguzi mawasiliano yake lazima yabandikwe mahali pa wazi. Yapige picha ile siku unapokwenda kukagua.