Kumrekebisha Malenga: namna ya kuunda upya fani ya msaidizi katika mchezo wa njozi wa mezani

Katika mchezo wa njozi wa mezani kila mchezaji huigiza mhusika wa fani fulani, na msimamizi wa mchezo husimulia hadithi na kuwaendesha maadui. Katika meza nyingi, na yetu ya Sinza ikiwemo, fani ya msaidizi humwangukia yule aliyekwama kwenye foleni, akafika na kukuta upanga na upinde vimekwisha kuchukuliwa. Anakubali kwa shingo upande, kisha jioni nzima anageuzwa duka la dawa linalotembea: mwenzake akijeruhiwa anatibu, na asipojeruhiwa mtu anangoja. Wasimamizi wengi wa mchezo wakiliona hilo hukimbilia kumwongezea nguvu, ilhali kwa maoni yangu kinachopaswa kurekebishwa kwanza ni wakati wa msaada wake kufika, na ukubwa wa msaada huo unaweza kubaki ulivyo.

Nitatumia mfano wa fani ya mwimbaji-mshairi, ambayo sisi tunaiita malenga, kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons lililotoka mwaka 2014. Kanuni za msingi za toleo hilo ziliachiwa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadili na kuzichapisha kwenye stesheneri ya jirani, mradi umetaja zilikotoka.

Malenga wa kitabuni hufanya kazi hivi. Kwa tendo lake la ziada humpa mwenzake aliye ndani ya futi 60, na anayeweza kumsikia, dadu moja ya pande 6, na huyo mwenzake, ndani ya dakika 10 za hadithi, anaweza kuiongeza mara moja kwenye mtupo wake wa kushambulia, wa kujinusuru au wa kujaribu jambo gumu. Idadi ya dadu ni sawa na nyongeza inayotokana na alama yake ya Haiba, yaani mvuto wake, hivyo mwenye Haiba 16 (nyongeza 3) anazo 3, nazo hurudi baada ya pumziko refu; kuanzia ngazi ya 5 (ngazi ni hatua za mhusika kukua) hurudi hata baada ya pumziko fupi. Dadu yenyewe hukua na kuwa ya pande 8 katika ngazi ya 5, 10 katika ngazi ya 10, na 12 katika ngazi ya 15.

Kosa tulilolifanya sisi lilikuwa kumruhusu malenga awape dadu wote kwa mpigo. Tulisahau kwamba nguvu ya msaidizi huzidishwa kwa idadi ya watu waliopo mezani: dadu moja kwa wachezaji watano ni dadu tano, na adui aliyeandaliwa kwa saa mbili alianguka kabla chai haijapoa.

Kabla ya kubadili chochote, basi, chukua kalamu. Tuseme mpiganaji ana nyongeza ya 5 kwenye mtupo wake na adui ana kinga ya 15, yaani namba ya kufikiwa ili apigwe, maana yake mpiganaji anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, nayo ni nafasi ya asilimia 55. Dadu ya pande 6 ina wastani wa 3.5, na kila pointi moja ni asilimia 5, hivyo nafasi inapanda hadi asilimia 72.5. Kwa maneno mengine, ikiwa dadu imeamuliwa itumike kabla ya mtupo, inageuza matokeo kwa asilimia 17.5 tu, ukitoa dadu 20, tatu au nne ndizo zitakazofanya kazi, na zilizobaki zimepotea bure. Sasa badilisha wakati. Mchezaji akisubiri aone mtupo wake, kisha akaitumia pale tu anapopungukiwa kwa pointi 1 hadi 6, dadu ileile inafaulu kwa wastani wa asilimia 58. Hata dadu ya pande 12 ikitumika kibubusa haifiki theluthi moja katika mfano huu. Kanuni za 2014 zimesimama katikati: mchezaji anaruhusiwa kuona mtupo wa dadu ya pande 20 kwanza, lakini lazima aamue kabla msimamizi hajatangaza kufaulu au kushindwa. Msimamizi anayetaja kinga ya adui kwa sauti amempa malenga zawadi kubwa kuliko ngazi kadhaa, pengine bila kujua.

Kuhusu vifaa, dadu za ludo zinatosha. Dadu za pande nyingi si rahisi kuzipata kila duka la Kariakoo, lakini za ludo ziko hata kwenye meza za barabarani. Malenga anapokua, usihangaike kutafuta ya pande 8: tupa ya ludo na uongeze 1, na baadaye ongeza 2, kisha 3, kwa kuwa wastani wa 4.5, 5.5 na 6.5 unalingana kabisa na wa dadu za pande 8, 10 na 12, ingawa matokeo ya juu kabisa na ya chini kabisa hayatatokea. Badala ya dadu ya pande 20, vipande 20 vya karatasi ndani ya bakuli vinafaa, ila kila kilichochotwa kirudishwe kabla ya mwingine kuchota. Na malenga amkabidhi mwenzake dadu yenyewe mkononi, kwani dadu iliyoandikwa tu kwenye karatasi husahaulika.

Sehemu tamu zaidi ni vijembe. Katika ngazi ya 3, malenga aliyechagua njia ya elimu, mojawapo ya matawi ya fani hii, hupata uwezo wa kutumia dadu yake, kwa tendo la papo hapo, kupunguza mtupo wa adui badala ya kumwongezea rafiki. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokumbuka miaka ya 1990, wakati vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano vikirushiana mipasho jukwaani, hawahitaji kuelezwa uwezo huu unavyofanya kazi. Kanuni inasema adui asiyesikia hadhuriki, nasi tumeongeza sharti moja tu la meza yetu: kijembe kitamkwe bila kumtaja adui kwa jina, maana mpasho mzuri humfikia mlengwa wenyewe. Usipime dadu kwa ubora wa ushairi, hata hivyo. Mchezaji mwenye haya akisema mstari mkavu wenye mizani zinazochechemea, apewe haki yake ileile, la sivyo ataacha kusema kabisa.

Kwa kuwa vijembe na msaada vinatoka kwenye fungu moja la dadu, malenga sasa ana jambo la kuamua katika zamu ya kila mtu, na hapo ndipo fani inapoanza kupendwa.

Ukitaka kuongeza uwezo mpya, ondoa mwingine. Sisi katika ngazi ya 6 tuliondoa wimbo wa kuwakinga wenzake dhidi ya hofu na kulaghaiwa, ambao kwetu ulitumika mara chache mno, tukaweka tunachokiita kibwagizo: mara moja kwa kila pumziko fupi, dadu iliyotumika na bado mtupo ukashindwa humrudia malenga. Matibabu tuliyaacha kama yalivyo.

Kisha jaribu kwa vikao viwili huku daftari likiwa wazi. Kila dadu inapotumika, andika kama matokeo yangekuwa tofauti bila hiyo, na ikiwa yamegeuka, litangazwe jina la malenga mbele ya wote. Kama zinageuza chini ya moja kati ya tano, wachezaji wanazitumia mapema mno. Kama zinageuza karibu zote, msimamizi anatoboa siri ya namba zake, naye ndiye wa kurekebishwa kabla ya malenga.