Jinsi ya Kubuni Mji Mdogo wa Wakulima katika Hadithi

Mwandishi anayetaka kubuni mji wa wakulima mara nyingi huanza na jina, kisha huchora mlima, mto, nyumba ya ibada na mti mkubwa wenye wazee chini yake, na mwishowe hupata mandhari nzuri isiyokaliwa na mtu. Ushauri wangu ni kuanza na zao. Katika mji wa kilimo zao ndilo linaloamua harusi ifungwe lini, ada ya shule ilipwe lini, ndugu wagombane mwezi gani na nani apate usingizi usiku. Ili maelezo haya yasibaki hewani, nitaujenga hapa mji mmoja wa kubuni kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ambako kahawa na migomba hupandwa katika shamba moja, na jina lake nitalitafuta mwisho.

Chukua karatasi uandike miezi 12 ya mwaka, kisha ujaze mvua kabla hujamjaza mtu yeyote. Upande huu wa nchi una masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mkahawa huchanua mvua inapofuata kipindi cha ukavu, na matunda yake huchukua miezi kadhaa kuiva, kwa hiyo uchumaji huangukia zaidi nusu ya pili ya mwaka. Matunda hayo hayaivi kwa pamoja. Mchumaji huurudia mti uleule mara nyingi, akichagua mekundu na kuyaacha mabichi, na yaliyochumwa leo yanapaswa kumenywa leo, kisha yachachuke, yaoshwe na kuanikwa kwenye vichanja. Mwandishi anayeyajua hayo hatamsafirisha mkuu wa kaya kwa wiki tatu katikati ya msimu bila kueleza nani amebaki na kahawa, na atajua kwamba jioni watoto huzungusha mashine ya kumenya kabla ya kufungua madaftari yao. Atajua pia kwamba mche mpya hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, hivyo kijana anayepanda kahawa amekwisha kuamua kubaki nyumbani, hata kama hajamwambia mtu.

Ukiuhamishia mji wako Njombe au Songea, itakubidi uandike karatasi nyingine, kwa kuwa huko mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili au Mei. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka, na miezi ya shida ni ile ya mwanzo wa mwaka, wakati ghala limepungua na mahindi mapya bado ni mabichi. Kosa ninalolikuta mara kwa mara katika miswada ni kuchukua mvua za mkoa mmoja na sherehe za mkoa mwingine.

Baada ya mvua, fuatilia fedha, na hapa usiwe na haraka. Kahawa inayopitia chama cha ushirika haimlipi mkulima kila wiki. Hupata malipo ya kwanza anapoipeleka, na pengine nyongeza baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Kwa muda uliobaki familia huishi kwa daftari la mkopo la mwenye duka, na kwa sababu hiyo mwenye duka anajua siri nyingi kuliko wazee wa mji. Ndizi, kwa upande mwingine, huleta fedha ndogo mwaka mzima. Kwa desturi ya eneo hili kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya mume, ilhali mke aliuza ndizi gulioni na kununua chumvi, mafuta na sabuni. Zipo basi fedha mbili ndani ya nyumba moja, moja kubwa inayokuja kwa kishindo na nyingine ndogo isiyokatika, na mwandishi makini anaweza kujenga riwaya nzima juu ya siku ile ambayo fedha ndogo inalipa deni la fedha kubwa. Kila eneo lina mitego yake ya fedha. Kagera, kwa mfano, wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya shida, na katika masoko mengi ya mazao mkulima hukutana na lumbesa, lile gunia lililojazwa hadi likafumwa kilemba juu yake, nalo hulipwa kama gunia moja.

Chagua pia mwaka. Mji wa kahawa wa Kilimanjaro mnamo 1933, chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilipoanzishwa, si mji ule ule wa 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, wala si ule wa miaka ya 1990, baada ya mgawo wa kimataifa wa kahawa, ulioipangia kila nchi kiasi cha kuuza, kuvunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka. Katika mji wa mwisho baba anailinda mikahawa ambayo mwanawe anataka kuing'oa ili apande nyanya, na kila mmoja ana hoja yenye uzito. Usimpe ushindi yule unayempenda.

Ardhi na maji vitakupa mila nyingine. Kihamba cha familia, yaani shamba la nyumbani linalorithiwa, ndipo wazee walipozikwa, na kwa sababu hiyo kukiuza hakufanani na kuuza kiwanja. Mifereji ya asili ilichimbwa kabla ya ukoloni, na watumiaji wake huisafisha kwa pamoja na kugawana maji kwa zamu. Asiyefika kazini hutozwa faini, ambayo zamani ililipwa hata kwa mbege, pombe ya ndizi zilizopikwa na ulezi ulioota. Mtu anayefungulia maji shambani kwake usiku ambao si zamu yake ameiba, ingawa hakubeba kitu, na majirani watalijua jambo hilo asubuhi kwa kutazama udongo tu.

Kuhusu uongozi ninasema machache. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wakazi, mtendaji huajiriwa, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ukiwachanganya watu hao wawili, msomaji wa kijijini atakifunga kitabu. Machifu waliondolewa mamlaka yao ya kisheria mwaka 1963, kwa hiyo hadithi ya leo isimpe mangi, yaani chifu wa Kichaga, hukumu za kutoa.

Msiba unastahili ukurasa zaidi ya mmoja, kwa sababu ndipo mji wote unapoonekana mahali pamoja. Usiandike kilio peke yake. Andika nani aliyefika kwanza na kuni, vijana gani wanachimba kaburi, sufuria kubwa zimeazimwa kwa nani, na nani ameshika daftari la rambirambi, ambamo jina lisiloandikwa hukumbukwa kwa miaka mingi. Siku ya maziko jirani anayeonekana shambani na jembe ametangaza ugomvi bila kufungua kinywa. Ukitaka kuonyesha kwamba mhusika wako ametengwa, usimwambie msomaji. Afiwe naye, kisha ueleze jinsi viti vilivyobaki bila watu.

Wahusika waitane kama watu wa mahali hapo wanavyoitana. Mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mwanawe, mdogo hutangulia kutoa shikamoo hata akiwa na hasira, na deni halidaiwi kabla ya kuulizana habari za nyumbani, mifugo na mvua. Maneno ya lugha ya asili yatumike pale ambapo Kiswahili hakina neno lake, kama kihamba, na maana yake ionekane katika tendo.

Sasa ndipo uandike jina. Majina ya kweli ya mahali yana sababu nyepesi: Mto wa Mbu, Boma Ng'ombe, Njia Panda. Mji wangu una miringaringa inayoifunika mikahawa kwa kivuli, kwa hiyo nauita Mringeni. Kabla ya kuliandika jina lako, litafute katika ramani na orodha za vijiji, na ukikuta lina wenyewe, tafuta mti mwingine.